Mpira Niliokwepa

Chwaaa, kisha kimya. Ndivyo unavyolia uzio wa waya mpira unapoupiga nyuma yako, na kama ni wewe uliyepaswa kuuzuia, mlio ule huusahau. Nimeusikia mara nyingi katika misimu yangu mitatu ya besiboli, lakini ule wa Ijumaa moja bado nausikia mpaka leo, hata nikiwa dukani nakata utepe.

Mie nauza vifungo, zipu na nyuzi mtaa wa Hamriya, huku kwa Waarabu. Skuli niliishia sekondari, na besiboli nilikuwa siijui hata jina. Siku moja akaingia mama wa Kifilipino anatafuta uzi mgumu wa kushonea glovu yake ya ngozi. Alikuwa na mpira mkononi, ukamponyoka juu ya kaunta, nikaudaka kwa mkono mmoja kabla haujafika kwenye mabakuli ya vifungo. Akaniangalia. Akautupa tena, safari hii kwa makusudi, nikaudaka tena.

"Wewe," akaniambia kwa Kiarabu cha dukani, "Ijumaa asubuhi una kazi?"

Timu yao ilikuwa ya daraja la pili, wauguzi na wanawake wa saluni, uwanja wenyewe changarawe tupu, na tulikuwa tunamaliza kabla ya sala ya Ijumaa. Wakaniweka kati ya kituo cha pili na cha tatu. Hapo mipira inakujia chini kwa chini, inagonga mawe, hujui itaelekea wapi. Kazi yako ni kuuzuia na kuurusha kituo cha kwanza kabla mkimbiaji hajafika. Mkono nilikuwa nao, wallahi. Niliupata kwenye rede.

Mama yangu kazaliwa Unguja, naye ndiye aliyetufundisha rede, mimi na dada yangu, uani kwetu Al Amerat. Wawili wanarusha, mmoja yuko katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku anaukwepa mpira. Ukiguswa, umetoka. Mama akijifunga khanga kiunoni upande huu, dada upande ule, mimi katikati. Hawanipati. "Huyu mtoto hana mifupa!" mama akipiga kelele. Dada naye anakasirika: "Simama basi upigwe hata mara moja, nawe!" Kisha dada akaolewa Salalah, mama magoti yakamkatalia, na rede haichezwi na mtu mmoja.

Kwenye timu walinipenda, siwezi kusema uongo. Walinipa chakula chao, walinifunga kamba za viatu kama mtoto. Lakini wakianza kutaniana kwa lugha yao nilicheka nao bila kujua nacheka nini. Na hakuna Ijumaa hata moja ambayo mtu wa kwetu alikuja kunitazama, maana Ijumaa jamaa wanakusanyika nyumbani. Nikajiambia, siku nikipandishwa daraja la kwanza, ile timu inayokwenda kucheza Dubai wakati wa baridi, watakuja. Nilishajiona ndani ya basi, nimekaa dirishani, begi nimeliazima kwa dada. Ndivyo nilivyo mie, naezeka paa kabla ya kuta.

Basi Ijumaa hiyo kocha wa daraja la kwanza akaja. Alikuja kwa ajili yangu, yule mama wa glovu ndiye aliyemwita. Mipira mitatu nikaizuia vizuri. Wa nne ukapigwa kwa nguvu, ukagonga jiwe mbele yangu, ukainuka moja kwa moja kuja kifuani. Ulikuwa wa kusimama tu. Hata ukikupiga si neno, unaanguka miguuni mwako na bado unawahi kuurusha. Mwili wangu haukuniuliza. Nyonga ikaenda kulia, bega nyuma, mpira ukapita ubavuni bila kugusa hata nguo. Sijawahi kukwepa vizuri namna ile maishani mwangu.

Chwaaa. Wakimbiaji wawili wakaingia, tukafungwa.

Kocha yule alinifuata mwishoni, na alikuwa mpole. "Mikono yako mizuri," akasema. "Lakini unauogopa mpira. Kule kwetu wanapiga kwa nguvu zaidi ya hapa."

Nilitaka kumwambia kwamba si khofu. Kwamba hapa nimekosea, ila uani kwetu dada angekaa chini kwa hasira na mama angepiga kigelegele. Lakini Kiarabu tulichokuwa tukielewana pale uwanjani ni cha vifungo na zipu, neno la rede hakina. Nikasema "Tayyib," yaani sawa, nikamshukuru. Akamchukua mwenzetu wa kituo cha pili, tukampigia makofi, mimi nikipiga kuliko wote.

Nyumbani niliwakuta wanakula. Mama akauliza vipi, nikamsimulia. Akacheka mpaka akaliacha tonge.

"Sasa mwana'ngu, mpira unakujia kifuani usiukwepe? Una akili wewe? Si umeshinda!"

Shangazi zangu wote wakacheka, nami nikacheka, maana ilikuwa inachekesha kweli. Kisha nikasema, "Nnakwenda kuanua nguo."

Kambani hakukuwa na nguo, nilishazianua jana yake. Nikatoa mpira kwenye begi, nikavua ndara, nikasimama pale katikati palipokuwa pakiwekwa chupa. Nikaurusha ukutani. Ukarudi, nikaukwepa. Nikaurusha tena, nikaukwepa tena, na ndani nilisikia wanaendelea kucheka jambo jingine.

Basi nikalikanyaga pindo la dera langu kwa miguu yote miwili, nisipate pa kusogea, nikaurusha kwa nguvu zangu zote. Ukanipiga ugokoni. Machozi yakanitoka. Kwa sheria ya rede, hapo nimetoka.

Nikainama, nikauokota, nikalikanyaga tena pindo.