Mpagazi wa Matete ya Karema

Kama unataka hadithi ya kutungwa, nenda kwa wengine, mimi sijui kutunga. Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, kwenye matete ya Karema. Binti yangu niliyembeba mgongoni jioni ile yupo, ni mtu mzima sasa, na ukimuuliza atakwambia. Ukitaka kucheka, cheka. Mume wangu alikuwa wa kwanza kucheka, na leo hapiti pale bila kuvua kofia.

Tulihamia huku mwanzoni mwa miaka ya tisini, tukitokea Usukumani na ng'ombe wetu, tukifuata malisho. Tulijenga kando ya mbuga inayoambaa na ufukwe wa Ziwa Tanganyika, na misheni ya Karema ikawa ndiyo mji wetu. Ukisikia mbuga ya matete usidhani ni mahali pa kutisha. Kiangazi hakuna matembezi mepesi kama yale. Njia ni tambarare, upepo wa ziwa unakupuliza usoni, ndege weupe wanakutazama bila kujali, na mnara wa kanisa uko mbele yako mwendo wote. Unatembea huku unaimba. Wenyeji wa pale, Wabende, walituambia kwamba zamani maji ya ziwa yalifika karibu na kuta za ngome ya kale iliyo kule juu misheni, kisha ziwa likarudi nyuma, likaacha tope na matete. Walisema pia kwamba njia ile ilikuwa ya misafara, kwamba wapagazi kutoka Unyamwezi walipita hapo na mizigo mabegani, wakienda kuvuka ziwa. Yote hayo mimi niliyasikia kwa sikio moja, yakatokea la pili. Kwangu ilikuwa njia ya kupeleka maziwa, basi.

Sasa, mwaka huo masika yalikuwa mazito. Mume wangu alikuwa mbali, amewapeleka ng'ombe kwenye ardhi ya juu. Nyumbani tulibaki mimi, mama mkwe na watoto. Kabula, mtoto wangu wa mwisho, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema maneno yanayoeleweka. Homa ilimshika asubuhi. Mchana akalia sana. Halafu akaacha kulia, na wewe kama ni mzazi unajua, mtoto mgonjwa akinyamaza ndipo mama anapotetemeka. Mama mkwe alimgusa paji la uso, akanitazama.

"Mayu," akaniambia, maana ndivyo kwetu mwanamke anavyoitwa kwa heshima, "usingoje kupambazuke. Mpeleke kwa wauguzi wa misheni sasa hivi, jua bado liko."

Nikamfunga mgongoni kwa khanga mbili, nikatoka. Sikuwa na hofu ya njia. Njia ile? Niliijua kama ninavyopajua jikoni kwangu.

Kumbe masika yalikuwa yameihamisha. Nilipofika katikati ya mbuga nikakuta njia yetu imezama, maji matupu. Papo hapo wingu likashuka, manyunyu yakaanza, na ule mnara niliouzoea ukafutika kabisa. Nikageuka huku na huku. Matete yalikuwa yamenizidi kimo. Nilimwita Kabula, hakuitika, nilisikia tu joto lake mgongoni.

Hapo nikaona njia nyingine upande wa kushoto, pana, imekanyagwa vizuri, ina mavi mabichi. Moyo ukatulia. Mimi ni mtoto wa ng'ombe, ndugu yangu. Nimezaliwa zizini, nimekulia zizini, na nilichofundishwa tangu utoto ni kwamba ukipotea porini utafute mapito ya ng'ombe, yatakufikisha kwa watu. Na kama hiyo haitoshi, nikasikia njuga zinalia huko mbele, taratibu, kama ng'ombe kiongozi anarudi nyumbani. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikaifuata ile njia, tena kwa haraka.

Maji yakanifika kwenye vifundo vya miguu, kisha magotini. Nikajiambia ng'ombe wa huku wamezoea maji. Ona jinsi mtu anavyoweza kujidanganya akiwa na shida!

Ndipo nikamwona. Mwanamume alikuwa amesimama katikati ya njia, amenikingia. Alikuwa mwembamba, si kijana na si mzee, kifua wazi, begani ana robota kubwa lililofungwa kwa mkeka na kamba za magome. Njuga zilikuwa mguuni mwake yeye. Hakuna ng'ombe.

"Mwadila, mayu," akanisalimu.

Salamu ya kwetu! Nikaitikia kwa furaha, nikidhani ni Msukuma mwenzangu au Mnyamwezi. Lakini maneno yaliyofuata yalikuwa ya kizamani sana, kama ya bibi yake bibi yangu, nikawa nayashika kwa shida.

"Unakwenda wapi na mtoto?"

"Misheni, baba. Nafuata mapito ya ng'ombe."

Akatikisa kichwa, na nakuapia nilimwona anatabasamu kidogo. "Ng'ombe gani huyo anayerusha mavi mpaka juu ya matete? Na ng'ombe gani anayeacha mistari miwili, na katikati tuta la majani? Tazama vizuri. Hii ni njia ya viboko. Na sasa hivi ndipo wanapotoka kwenda kula."

Nikatazama. Kila alichosema kilikuwa mbele ya macho yangu. Halafu nikasikia, karibu mno, ile sauti yao nzito, kama mtu anayecheka ndani ya mtungi. Mimi, bingwa wa ng'ombe, nilikuwa nampeleka mwanangu mdomoni mwa kiboko kwa miguu yangu mwenyewe.

Yule mtu hakuharakisha. Aling'oa fungu la matete kwa mkono mmoja, akayalaza kukatisha ile njia, kama watu wa safari wanavyoifunga njia mbaya ili anayekuja nyuma asiifuate. Kisha akapenya upande wa pili, mahali ambapo mimi nisingeona njia hata mchana kweupe, akaniambia nifuate njuga zake.

Nikafuata. Chini palikuwa pagumu, maji hayakupita kisigino. Na hapa ndipo nilipoona kitu ambacho mpaka leo kikinijia, nywele zinanisimama. Mimi nilikuwa nimelowa tope mpaka mapajani. Yeye miguu yake ilikuwa na vumbi. Vumbi jekundu, kavu, la kiangazi. Mvua ilikuwa inaninyeshea mimi, na mkeka wake haukuwa na hata tone.

Niamini, nilitaka kukimbia. Lakini nikimbilie wapi? Na mtu aliyenitoa kwa viboko nimkimbie kwa sababu miguu yake ni mikavu? Nikakaza khanga, nikaendelea.

Tulitokea kwenye kilima kidogo, hapo mbuga inapokwisha. Wingu likapasuka, na mnara wa kanisa ule pale, karibu kabisa. Nikataka kushukuru, lakini yeye akawa wa kwanza kusema.

"Mayu, nitue."

Unajua desturi. Mtu mwenye mzigo akikwambia umtwike, unamtwika, akikwambia umtue, unamtua, hata kama humfahamu. Lakini nilisita kidogo, kwa kuwa mtoto alikuwa anaungua mgongoni. Akaona kusita kwangu, na sauti yake ikawa ya chini.

"Wenzangu walitangulia. Waliniambia ningoje hapa, watarudi kunitua. Mali si yangu, siwezi kuitupa. Wote ninaowaomba wanakimbia."

Nikamwonea huruma mpaka machozi yakanitoka. Nikachuchumaa kidogo, nikaweka mikono yote miwili chini ya lile robota. Lilikuwa zito! Sijawahi kushika kitu kizito vile, na nimebeba magunia ya mpunga. Tulilishusha pamoja, polepole, mpaka likakaa kwenye majani. Yule mtu akanyoosha mgongo, akavuta pumzi ndefu. Ile pumzi siwezi kukueleza. Ilikuwa ya mtu aliyefika nyumbani.

"Asante sana, baba," nikamwambia, nikiwa bado nimeinama. "Umeniokolea mtoto."

Nilipoinua uso, hapakuwa na mtu. Hapakuwa na robota.

Nilikimbia mpaka misheni, nikipiga kelele kama mwendawazimu. Wakampokea Kabula, wakamtibu, nami nikakaa chini, kando ya kitanda chake, nikimshika mguu. Asubuhi yake joto lilikuwa limeshuka. Akafungua macho, akaomba uji. Kisha akaniuliza, "Mama, babu wa njuga yuko wapi?" Mimi nilikuwa sijamsimulia mtu yeyote neno lolote.

Mama mmoja wa Kibende, muuza dagaa aliyekuwa na mgonjwa wake kitanda cha jirani, alimsikia. Akaweka kikombe chini.

"Nyie mmepita kilimani? Aliwaambia mumtue?"

"Nilimtua," nikasema.

Akasogea karibu yangu. "Tangu enzi za mama zetu tunaisikia sauti ya mpagazi huyo jioni za masika, na sote tunakimbia. Wewe hukukimbia?" Akaanza kulia, nami nikalia, tukakumbatiana na hata majina hatukuwa tunajuana.

Tuliporudi nyumbani yule mama alinisindikiza. Pale kilimani tulikuta majani yamelala, umbo la robota kabisa, na udongo wa hapo chini mkavu wakati kote kumelowa. Na mbele zaidi matete yalikuwa bado yamelazwa kukatisha njia ya viboko. Nyayo zao zilikuwa zimefika pale usiku, zikageuka.

Tangu hapo hakuna aliyesikia tena njuga kule. Kabula ana watoto wake sasa, na kila akija kutoka Mpanda namchukua tunatembea hadi kilimani, matembezi yetu mepesi ya kiangazi. Tukifika natua chochote nilichobeba, nasema, "Mwadila, baba, umepumzika?" Upepo tu unajibu, na mimi roho yangu inajaa shukrani.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayependa kutembea nchi za watu. Ukikuta matete yamelazwa kwenye njia, usiyaruke, kuna mtu alikuwazia kabla hujafika. Na jioni moja ukikutana na mtu usiyemjua, amechoka, mzigo uko begani, akakuomba umtue, usimchunguze miguu kama mimi. Usimuulize ametoka wapi wala mzigo una nini. Mtue kwanza.