Kilio Tulichokigeuza Kiitikio

Jumamosi tumemzika huko Temeke mtu ambaye wengi wenu mmecheza wimbo wake na sahani mkononi bila kujua umetungwa na nani. Simtaji hata leo, mwenyewe hakupenda. Ni ule wimbo wa zamani wa dansi ambao washereheshaji huupiga kwenye harusi foleni ya chakula inapofunguliwa, kwa ajili ya ule mstari wa "njoo nyumbani, wali unapoa". Mstari ukiisha, mwanamke mmoja hupaza "Uwii!" na ukumbi mzima humfuatisha, sahani juu. Mshereheshaji asiporidhika hudai tena: "Aa, nyie hamna njaa! Nipeni uwi ya watu wa pilau!" Watu huangua kicheko, nami nimecheka nao mara nyingi.

Marehemu alinifuata studio kwangu Boko mwaka jana, asubuhi. Wasomaji wa safu hii mnanijua: niliondoka nchini na begi moja, nikarudi na diploma ya uhandisi wa sauti, na kila tofali la studio ile nimelipandisha kwa jasho langu, bila mjomba serikalini. Asiyependa kuyasikia hayo na aruke aya hii. Nilimwamkia mzee, akaitikia, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye yule wa diploma?"

"Ndiye, mzee wangu. Hakuna kelele inayonishinda."

"Basi kuna sauti ya mke wangu kwenye wimbo wangu. Nataka uitoe. Mjukuu wetu anaolewa, na sitaki watu wapakue chakula huku wakimkejeli bibi yake."

Ndipo akanieleza. Yeye na mkewe walikuwa bendi moja, yeye mtunzi, mkewe mwitikiaji. Walikuwa ziarani mikoani na bendi mtoto wao wa kwanza alipougua surua, na waliporudi Temeke walikuta ameshazikwa. Kwa siku nyingi mama aliendelea kumpakulia mtoto chakula chake na kumwita mlangoni. Mzee akayafanya maneno ya mkewe kuwa wimbo. Zamani hizo vyombo na waimbaji walirekodiwa pamoja, kwa mkupuo mmoja; akikosea mmoja, wote mnaanza upya. Walipofika kwenye ule mstari, mama alishindwa, akalia. Mzee alidhani wataacha, lakini kiongozi wa bendi aliwapungia mkono waendelee, na mwishoni akasema, "Haturudii. Hiyo uwi ndiyo itakayouza." Ikauza kweli. Jukwaani mama akawa anadaiwa kilio chake kila wiki, na mtaani wakamwita Mama Uwi mpaka anaingia kaburini. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Nilifanya kazi ile kwa siku kadhaa, na sijawahi kufanya nyingine safi kama hiyo. Gitaa halikuguswa, tumba hazikuguswa, kilio kikaondoka. Mzee aliporudi nilimwekea kwenye spika zangu kubwa. Ukafika mstari wa wali, kisha pakafuata pengo dogo, gitaa likipita peke yake. Akaomba nirudie. Nikarudia.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nimemtoa, mzee. Kama ulivyotaka."

"Mrudishe. Picha zake ninazo, bwana mdogo. Sauti sina nyingine. Futa hiyo yako. Futa nikiona."

Nikaifuta mbele yake.

Siku hizi mwimbaji hufungiwa peke yake kwenye kijumba cha kurekodia, mdundo umetumwa kwa simu, na akikohoa tunakata kikohozi. Nimejenga maisha yangu kwa ukataji huo na sioni haya. Lakini najiuliza ni nyimbo ngapi mjini humu zimetoka kwangu bila mtu ndani yake.

Harusi ya mjukuu hakuiwahi. Jumamosi, tuliporudi kutoka makaburini na kukaa chini ya turubai, ulipita msafara wa harusi ya watu wengine, matarumbeta juu ya pikapu, na wakipuliza wimbo gani kama si huo. Walipoliona turubai wakanyamaza kwa heshima ya msiba, kama ilivyo desturi yetu, na walinyamaza pale pale kwenye mstari wa wali. Likaja pengo lile lile la studio kwangu. Yule mjukuu, bibi harusi mtarajiwa, aliyekaa mkekani na wanawake, akalijaza: "Uwii!" Hakuna aliyecheka. Sahani tulikuwa nazo mikononi, na wali ulikuwa unapoa.

Tangu hapo, mteja akiniletea wimbo wa kale nimsafishie, sianzi kwa kumuuliza kelele ipi niitoe. Namuuliza ni ya nani.