Nyayo Zinazotoka

Machinjioni walimwita Mjomba, wakubwa kwa wadogo, na jina lilimkaa vizuri kama kofia yake. Kazi yake ilikuwa zizi. Kila asubuhi aliwaswaga mbuzi hadi mlango wa chuma, na msaidizi wake alikuwa mmoja tu, beberu mzee aliyeitwa Karani. Karani alitangulia, wenzake wakamfuata bila wasiwasi, kisha yeye akapitishwa kijimlango cha pembeni na kurudi nje kulamba chumvi kiganjani mwa Mjomba. Miaka tisa. Kama mbuzi hucheka, basi yule alikuwa akicheka.

Mjomba alikuwa bingwa wa hadithi za wanyama. Ile ya simba mgonjwa kila mtu anaijua: wanyama wanaingia pangoni kumjulia hali, sungura anasimama nje, anaona nyayo zinaingia tu hazitoki, anaenda zake. Mjomba aliipindua. Kwake yeye palikuwa na nyayo za mmoja zinazotoka, na ndiyo maana wengine hawakuogopa. Juzi binti yake alimuuliza, "Baba, huyo aliyekuwa anatoka ni nani?" Akamwambia ale kwanza. Chakula kikamshinda yeye.

Kwa maana tangu mwezi uliopita meneja alikuwa amempa kazi ya pili. "Niletee wale walioumia kazini, mmoja mmoja. Wewe wanakuamini." Mjomba aliingia nao ofisini, akaketi nao, akawaambia watie sahihi tu, ni utaratibu, kisha akatoka. Karatasi ilisema waliumia majumbani kwao, na hakuna aliyesomewa yote. Kutoka hapo walitolewa kwa lango la nyuma, kazi imekwisha, haki imekwisha. Hakuna aliyerudi hata kuchukua viatu alivyoviacha alipovaa buti. Jozi sita zilikuwa zimepangwa ukutani, na kila akipita, Mjomba aliona kama zimegeuka kidogo kumwelekea.

Leo ilikuwa zamu ya shemeji yake, kaka wa mke wake, aliyekatwa vidole viwili na msumeno wa mifupa.

Asubuhi hiyo Karani aligoma. Alifika mlangoni, akageuka, akamkodolea macho Mjomba. Mbuzi arobaini nyuma yake nao wakageuka. Hakulia hata mmoja. Mjomba akahisi nywele zinamsisimka, akatoa chumvi kabla ya wakati wake. Karani akailamba yote, taratibu, ndipo akaingia.

Shemeji yake akamkuta pale pale. "Shemeji, nasikia naitwa ofisini. Kuna usalama?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno mawili tu yangetosha: usitie sahihi. Lakini Mjomba alikuwa mwoga, tusimfiche, na mwoga akibanwa hukimbilia anachokijua. Akasimulia hadithi. Simba, pango, nyayo zinazoingia, nyayo za mmoja zinazotoka.

"Na huyo mmoja, shemeji," akasema, "alikuwa analambishwa chumvi."

Shemeji akacheka mpaka akashika mbavu kwa ule mkono wenye bandeji. "Wewe na hadithi zako bwana! Haya, tangulia, mimi nakufuata."

Mjomba akatangulia. Ilipofika saa sita mchana, jozi za viatu pale ukutani zilikuwa saba.

Jioni alirudi nyumbani, mvua imetoka kunyesha. Mkewe alikuwa ameweka sahani ya ziada, maana kaka yake aliahidi kupita kula nao. Mjomba akaketi, akijiambia kwamba alimwonya, tena alimwonya vizuri, na mwenye macho haambiwi tazama. Alijiambia hivyo mara tatu. Binti yake akakimbilia mlangoni, akachungulia uani penye matope, akakaa huko kitambo.

"Baba, mjomba yuko wapi?" akauliza. "Mbona nyayo ni zako peke yako?"