Jivu la Maganda ya Maharagwe

Daktari alisema mambo mengi, lakini sisi tulishika neno moja tu: chumvi. Figo za mama zilikuwa zimechoka, na miguu ilikuwa imevimba hadi viatu vya kazi havikuingia tena. "Mama, chumvi uachane nayo kabisa," alisema. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu na mama alitaka kwenda kulala. Tukatoka na neno hilo.

Nilikuwa kidato cha nne, miaka ya elfu mbili ikianza anza. Tuliishi wawili tu, mama na mimi, chumba kimoja kwenye ploti huko Riruta. Baba alikufa nikiwa mdogo. Mama alipiga deki ofisi za Westlands, ghorofa tatu kila asubuhi kabla wenye suti hawajafika. Mpango wetu ulikuwa mmoja: mimi nipite kemia, niwe nesi, yeye akae chini apumzike.

Basi kemia niliisoma kama mtu aliyerogwa. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mkali ajabu, na aliipenda potasiamu kuliko alivyotupenda sisi. Jioni nilikaa kitandani pa mama nikamrudishia somo kwa punje. Nilipanga mahindi kumi na tisa katikati ya shuka. "Hizi ni protoni, chaji yake ni chanya. Zimekaa ndani ya kiini, hazitoki." Nikazungushia maharagwe kumi na tisa. "Hizi ni elektroni, chaji yake ni hasi. Kumi na tisa kwa kumi na tisa, zinafutana. Ndiyo maana atomu nzima haina chaji."

"Sawa, mwalimu," mama akasema.

"Sasa hii ya mwisho iko mbali, peke yake, haijashikwa sana." Nikaliondoa haragwe moja. "Ikienda, mahindi ni yale yale kumi na tisa, lakini maharagwe ni kumi na nane. Chanya imezidi kwa moja. Hapo si atomu tena, ni ioni."

Mama aliziangalia zile punje kwa muda. "Kwa hivyo haijaongezewa kitu. Imepoteza, ndiyo ikawa na chaji."

"Ehe! Na mwalimu alisema atakayeandika eti imepata protoni atamla mzima mzima."

Alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu miguu ivimbe, na nilifurahi hadi nikataka kulia. Lakini chakula kilikuwa kimemshinda. Kunde bila chumvi aliitafuna mara mbili, akairudisha kwenye sahani, akageukia ukuta. Wiki ya tatu mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza, na mimi niliogopa kwamba njaa itamuua kabla ya figo.

Ndipo kukhu, mama yake mzazi, akafika kutoka magharibi na kopo la jivu limefungwa kwa leso. Kwetu Waluhya mboga hupikwa kwa maji ya jivu hilo. Unachoma maganda makavu ya maharagwe, unatia jivu kwenye kopo lililotobolewa chini, unamwagia maji, na kinachodondoka ndicho unachopikia. Mboga inalainika na ladha inakolea.

"Daktari alikataza chumvi ya duka," kukhu akasema. "Hii imetoka shambani. Ni maharagwe haya. Maharagwe yatamfanya nini mtu?"

Nikaona ana akili kuliko daktari. Kopo nililitoboa mimi mwenyewe kwa msumari.

Mama alikula! Haki ya Mungu, alikula mboga ya mrenda mpaka akapangusa sahani kwa ugali. Kukhu alipiga vigelegele majirani wakachungulia. Kila siku nikitoka shule nilichuja maji ya jivu, na siku akila vizuri niliyafanya makali zaidi, ili ale vizuri zaidi kesho.

Kisha mikono ikaanza kumlegea. Alishindwa kushika kikombe, tukasema ni uchovu, tukampa mboga zaidi. Asubuhi moja alianguka karibu na jiko. Tulipomfikisha hospitali moyo ulikuwa umesimama.

"Potasiamu ilijaa kwenye damu," daktari alituambia. "Zile ioni zake ndizo zinasaidia moyo kupiga, lakini zikizidi zinausimamisha. Figo nzima huzitoa. Zake hazikuweza. Alikuwa anakula ndizi? Viazi?"

"Hakuonja hata ndizi moja," kukhu akajibu kwa uchungu. "Alikuwa anakula mboga tu. Na chumvi hatukumpa."

Nilitikisa kichwa kumuunga mkono.

Tulimzika, nikarudi kufanya mtihani wa mwisho. Kwenye karatasi ya kemia kulikuwa na swali la potasiamu. Kwa nini atomu yake haina chaji? Inakuwaje ioni? Niliandika mbio mbio, nikiona mahindi na maharagwe juu ya shuka. Sehemu ya mwisho ilisema mwanafunzi alichoma maganda makavu ya maharagwe, akachuja jivu kwa maji, na maji hayo yakaugeuza moto kuwa wa zambarau. Taja ioni ya metali iliyo nyingi humo.

Nilisoma mara tatu. Niliweka kalamu chini hadi msimamizi akaja kuuliza kama ninaumwa. Jibu nililijua. Nililiandika, na nadhani nilipewa maksi zote.

Unesi sikusomea. Sikuweza.

Kukhu bado yuko hai, na kila nikienda kumwona hunipikia mrenda kwa maji yale yale. Hunishika mkono akaniambia, "Mjukuu wangu, sisi tulijaribu. Hata punje ya chumvi haikupita mdomoni mwake."

"Ndiyo, kukhu," namwambia, na ninakula.