Msusi wa Ixelles na Sifa za Michelle

Msusi wetu wa Ixelles, mtaa wa Brussels, husuka akiwa ameuma kitana, na akikasirika vidole vyake huongeza kasi. Tangu Michelle, binti wa mtaa jirani wa Schaerbeek, asajiliwe na chuo cha Marekani kuongoza mashambulizi kwenye timu ya mpira wa kikapu, wateja wa saluni wanamdai binti huyo makombe kila siku.

Jumamosi, baada ya mechi yake ya kwanza, mteja aliyekuwa akisukwa alifoka: “Ule mutoto ametupatisha haya! Amepoteza mipira yote. Bon, basi arudi nyumbani!”

Vidole vikasimama. Msusi akatoa kitana mdomoni. “Ana dix-huit ans, miaka kumi na nane tu! Wewe ulimufundisha nini?” Akaanza kufumua misuko yote aliyokwisha kumsuka.

“Maman, nilikuwa nacheza tu, mzaha!” mteja akalalama.

“Na yeye vilevile anacheza tu,” alijibu, akamwita anayefuata.