Kilo Mbili za Mzee Makoye

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu, Mzee Makoye anampandisha bwana shamba mmoja mwenye kitambi kwenye mizani.

"Simama wima, usiegemee ukuta," anamwambia. "Themanini na tisa. Pole, baba."

Hapa kiwanja cha ndege cha Shinyanga ndege ni ndogo, ya injini mbili, na kila kinachopanda hupimwa, mtu na furushi lake. Mizani yenyewe ilianza kazi kwa kupima pamba. Mwaka huu wa 1978 Makoye anatimiza miaka kumi na tisa akiisimamia. Swali la abiria analijibu hata usingizini: Dar es Salaam ni kilometa mia saba na thelathini hivi, saa mbili na nusu angani. Yeye mwenyewe, jamani, hajawahi kupanda hata siku moja.

Safari hii lazima apande. Limi, binti yake wa pekee, Jumamosi anaondoka Dar kwenda Bulgaria kusomea uganga wa meno, miaka mitano. Makoye ana miaka hamsini na nane na kifua kinamsumbua.

"Miaka mitano kwangu ni mingi," anasema, wala hafichi kwamba anaogopa.

Treni ingemfikisha kwa siku moja na nusu, lakini mvua zimezoa reli tangu wiki jana. Mabasi nayo yamekwama kwenye tope.

Mkubwa wake amemruhusu apande ndege, kwa sharti la watumishi wote: abiria na mizigo wakishapimwa, uzito wa kumbeba uwe umebaki. Basi leo, abiria wa mwisho akishapimwa, Makoye anavua koti, anavua viatu, anaweka kando mfuko wa michembe, viazi alivyomkaushia Limi kwa mkono wake. Anapanda mizani. Anajumlisha. Anajumlisha tena. Kilo mbili zimezidi.

"Mzee, panda twende," anasema rubani Gregory, wanayejuana naye siku nyingi. "Kilo mbili si kitu."

"Nimewashusha wangapi kwa kilo mbili, mwanangu? Juzi tu nimemshusha mama wa watu, anakwenda kuzika."

Anachukua kalamu na kulifuta jina lake kwenye orodha. Inauma kumtazama.

Ndege ikishaondoka, Generosa, mama auzaye chai kiwanjani, anamletea kikombe na chapati mbili kama kawaida. Makoye anapokea chai, chapati anazirudisha. Ndege ya Alhamisi ndiyo ya mwisho kabla Limi hajaondoka, na tangu jana mchana hajatia kitu tumboni.

"Abiria wa Alhamisi siwajui, na mizigo yao siijui," anasema. "Ninazoweza kuzipunguza ni kilo zangu tu."

"Utaanguka, Baba Limi," Generosa anamwonya.

"Nikianguka, niangukie Dar."