Maziwa kwenye skrini

Kaka yangu alipoleta gari lake jipya nyumbani Butiama, shangazi alilibariki kama tunavyobarikiga kila kitu kipya: alipiga funda la maziwa, akalipuliza ndani ya gari. Matone yakatua kwenye skrini pana kama televisheni, ile iliyomeza vitufe vyote. Skrini ikadhani imeguswa. Redio ikapiga kelele, kiyoyozi kikavuma, viti vikaanza kupata joto. Kaka akafoka, akachukua kitambaa, akafuta skrini na ngozi ya viti mpaka lisibaki hata tone. Shangazi akajifuta mdomo kwa kanga.

Njiani kwenda Musoma kaka alinisifia mbao za dashibodi na mishono ya viti. Nikaomba hewa kidogo tu. Akaondoa macho barabarani kuitafuta kwenye skrini. Nilichukia kupita kiasi.

Pikapu ya marehemu baba bado iko nyuma ya nyumba. Swichi zake unazungusha hata ukiwa umefumba macho, na pembeni mwa swichi hizo kuna doa jeupe lililokauka. Ni maziwa ya shangazi. Baba hakuwahi kuyafuta.